Kukubali shingo upande si kupata ‘miguu baridi’

Majuzi, wakili mmoja kijana ambaye niliwahi kumfundisha nadharia za tafsiri alinijia afisini na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa taarifa ya mama mjane, iliyoandikwa kwa Kiswahili, kuhusu mzozo wa shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Ya pili ilikuwa tafsiri ya taarifa hiyo kwa Kiingereza. “Mwalimu,” akaniambia, “hebu soma sentensi hii kisha uniambie kama tunazungumzia mama mmoja au wawili.”

Kwa Kiswahili, mama alikuwa amesema: “Nilitia sahihi shingo upande.” Kwa Kiingereza, mfasiri alikuwa ameandika kwamba siku ya kutia sahihi mama “got cold feet”.

Huenda ukaona hilo ni jambo dogo, msomaji wangu. Zote mbili ni nahau, zote mbili zinataja kiungo cha mwili, na zote mbili zinamhusu mtu asiyetaka kufanya jambo. Lakini mama wa Kiswahili alitia sahihi. Mama wa Kiingereza aliingiwa na hofu, na aghalabu anayesoma maneno hayo atafahamu kwamba alirudi nyuma, hakutia. Sasa fikiria kesi imeanza kusikilizwa, na upande wa pili unatoa hati iliyo na sahihi ya mama huyo huyo. Mahakama itamwonaje? Itamwona mwongo, ilhali yeye alisema kweli tupu tangu mwanzo.

Sitaki nieleweke kwamba mfasiri yule hajui Kiingereza. Anakijua, na pengine hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Vitabu vya nahau tulivyovizoea shuleni huzikusanya nahau za kutotaka mahali pamoja, kana kwamba zote ni sare. Mwanafunzi huzikariri kwa orodha, akazimwaga katika insha ili apate alama. Hakuna anayemwambia kwamba kutotaka kuna aina zake, na kwamba kila nahau imeshika aina moja tu.

Tuanze na neno lenyewe. Waingereza huiita hali hii “reluctance”. Neno hilo limetokana na kitenzi cha Kilatini “reluctari”. Sehemu yake ya pili, “luctari”, ni kupigana mieleka, na ile ya kwanza inaashiria upinzani. Kwa asili, basi, mwenye hali hiyo ni mtu aliye ulingoni akipambana na kinachotaka kumwangusha. Mshairi John Milton, katika utenzi wake Paradise Lost uliotoka mwaka wa 1667, alilitumia kwa maana hiyo ya zamani: mwanadamu anayeshindana na nira ya Mungu. Baadaye mieleka ikahama uwanjani ikaingia moyoni, na leo neno hilo linataja tu ule uzito anaouhisi mtu kabla ya kutenda.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Kitenzi chetu “kusita” ni cha mwendo: mtu anakwenda, kisha anasimama. Tukitaka kuonyesha kwamba anakwenda, anasimama, anakwenda tena, tunakirudufu kitenzi: anasitasita. Mwingereza wa zamani anapigana. Mswahili anasimama njiani.

Sasa tuitazame nahau ya miguu baridi. Inamhusu mtu aliyekwisha kuahidi, au aliyekaribia kabisa kutenda, kisha hofu ikamwingia. Mfano unaopendwa ni wa bwana arusi asiyefika kanisani. Kwa maana hii tunaikuta katika Kiingereza cha Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Stephen Crane aliitumia katika toleo la 1896 la Maggie: A Girl of the Streets, hadithi ya mitaa ya maskini jijini New York. Picha yenyewe, hata hivyo, ni kongwe zaidi. Katika riwaya moja ya Mjerumani Fritz Reuter ya miaka ya 1860, mchezaji karata anajiondoa mezani kwa kisingizio kwamba miguu yake imepata baridi. Na mwanzoni mwa karne ya 17, Mwingereza Ben Jonson, katika tamthilia yake Volpone, alitaja methali ya Walombardi, watu wa kaskazini mwa Italia. Kwao, mwenye baridi miguuni ni mtu aliyeishiwa pesa, hivi kwamba analazimika kuuza bidhaa zake kwa bei ya kutupa. Nionavyo mimi, ngazi ya maana hizi si ngumu kuipanda. Aliyeishiwa hawezi kuendelea kucheza karata. Asiyetaka kuonekana ameishiwa husingizia baridi. Na anayesingizia baridi huonekana mwoga.

Je, tuna nahau ya kuikabili hiyo? Tunazo nyingi. Tunasema fulani ameghairi, na neno hilo lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kubadilisha. Tunasema amerudi nyuma. Tunasema amenywea, au tukiwa tumekasirika, ameufyata mkia. Lakini mara kwa mara nasikia redioni ati mwaniaji fulani “amepata miguu baridi”. Mtu wa Limuru akiambiwa hivyo mwezi wa Julai atakimbilia soksi. Na mtu wa Mombasa atauliza kama mgonjwa amepelekwa hospitali.

Nahau ya pili ni “to drag one’s feet”. Hii nayo ilishika kasi Marekani katika karne ya 20. Ipo simulizi inayopendwa sana kuhusu asili yake, nayo inawahusu wakata miti. Zamani gogo kubwa lilikatwa kwa msumeno mrefu wenye mpini kila upande, watu wawili wakivuta kwa zamu. Mvivu aliweza kuulalia msumeno akamwacha mwenzake avute peke yake. Inasemekana mwenzake aliyechoka angemwambia kwamba kupanda msumeno si neno, bora asiburute na miguu. Ni simulizi tamu. Lakini mimi naona nahau hii haihitaji msumeno. Mtoto yeyote anayetumwa dukani jioni asitake kwenda ataburuta miguu, awe Nairobi au Nebraska. Ndiyo maana sina ugomvi na mwanahabari anayeandika kwamba serikali inaburuta miguu kuhusu mishahara ya walimu. Picha hiyo inaishi kwetu pia. Tunayo maneno yetu tangu jadi: kujikokota, kujivuta, kusuasua. Vijana wameongeza “kupiga danadana”, kutoka uwanja wa kandanda, pale mchezaji anapourusharusha mpira kwa mguu bila kuuachilia uende popote.

Tofauti ya nahau hii na ile ya kwanza ni muhimu. Mwenye miguu baridi amejiondoa. Anayeburuta miguu hajajiondoa, wala hajakataa, wala hajakubali. Anachelewesha, akitumai jambo litajifia lenyewe. Mtaalamu wa sayansi ya siasa, James C. Scott, aliandika kitabu maarufu mwaka wa 1985 kiitwacho Weapons of the Weak, kutokana na utafiti wake miongoni mwa wakulima wa mpunga katika jimbo la Kedah nchini Malaysia. Miongoni mwa silaha za wanyonge alizozitaja ni huku kuburuta miguu. Mnyonge hawezi kumwambia tajiri “sitaki”, kwa hivyo anachelewa kufika shambani, anafanya polepole, anajifanya hakusikia. Tukimwita mtu huyo mvivu tutakuwa tumepotoka. Anakataa kwa lugha ambayo haiwezi kumfukuzisha kazi.

Ya tatu inatoka katika karakana ya seremala: “against the grain”. Mbao ina nyuzi zinazofuata upande mmoja. Ukipiga randa kwa kuzifuata, uso wa mbao hutoka laini. Ukienda kinyume, mbao inachanika na kutoa vibanzi. Kwa hiyo kufanya jambo kinyume cha nyuzi ni kufanya lisiloafikiana na hulka yako. Hapa mtu haogopi wala hachelewi. Anatenda, ila nafsi inakwaruzwa.

Matumizi maarufu ya mapema ya nahau hii yamo katika tamthilia ya Shakespeare, Coriolanus, iliyoandikwa mnamo 1608. Nawaomba mlitazame onyesho lenyewe, kwa sababu linahusu kesi ya mama yetu kuliko mnavyodhani. Raia wa Roma wamekwisha kumpa Coriolanus kura zao awe konseli, cheo cha juu kabisa katika jamhuri yao. Wawakilishi wa watu wa kawaida, Sicinius na Brutus, hawamtaki. Wanawafuata raia na kuwafunza la kusema: wadai kwamba walimchagua kwa kusukumwa na hao wawakilishi wao, kinyume cha nyuzi za mioyo yao, na kwamba kwa sababu hiyo wanataka kuirudisha kura. Mbinu hiyo ni ya hila, lakini inatufunza jambo. Kukubali ni kitu kimoja, na namna ya kukubali ni kitu kingine. Anayesema “nilikubali, lakini si kwa moyo” anaacha mlango wazi wa kuuliza nani alimsukuma.

Katika kundi hili kuna pia nahau ya mtu anayejikaza kisabuni, kama wasemavyo vijana wetu. Waingereza husema “to bite the bullet”. Francis Grose, katika kamusi yake ya lugha ya mitaani ya mwishoni mwa karne ya 18, alieleza kwamba askari waliochapwa viboko walitafuna risasi ili wasilie, maana kulia kulikuwa fedheha. Risasi za siku hizo zilikuwa za madini laini, na lugha yetu imehifadhi habari hiyo: neno “risasi” tulilipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya msingi ni madini yenyewe. Hata hivyo, ukimwambia Mswahili “ng’ata risasi”, atakutazama mara mbili. Mwambie ameze shubiri. Shubiri anaijua, na akina mama wengi waliipaka kwenye titi walipotaka kumwachisha mtoto kunyonya.

Sasa tufike moyoni, maana hapo ndipo watafsiri wengi wanapoteleza. Kiingereza kina msemo “with a heavy heart”, na mwanafunzi huutafsiri pale pale: kwa moyo mzito. Lakini kwa Mwingereza wa leo moyo mzito ni wa huzuni. Kwa Mswahili, uzito mara nyingi ni wa kutotaka. Mkono mzito ni wa bahili, na mtu mzito ni yule asiyeinuka upesi kufanya jambo. Tazama Biblia. Katika Kutoka sura ya 7, Farao anapokataa kuwaachilia Waisraeli, Biblia ya Kiswahili ya Union Version inasema moyo wake ni mzito, na neno la Kiebrania lililoko hapo ni hilo hilo la uzito. Waingereza wa mwaka wa 1611, katika tafsiri ya King James, walisema moyo wake umefanywa mgumu. Uzito wa Farao haukuwa huzuni hata kidogo.

Na kinyume chake kipo pia. Mtume Paulo anapowaandikia Wakorintho kuhusu kutoa sadaka, katika waraka wa pili sura ya 9, tafsiri hiyo ya 1611 inaonya dhidi ya kutoa “grudgingly”, yaani kwa kinyongo. Neno hilo lina mizizi katika Kifaransa cha kale, katika kitenzi cha kunung’unika. Kiswahili kinaonya dhidi ya kutoa kwa huzuni, na Kigiriki cha Paulo kinasema huzuni vilevile. Kisha Kiswahili kinatupa neno zuri kwa upande wa pili: ukunjufu. Moyo mkunjufu ni moyo uliokunjuliwa kama mkeka wa kumkaribisha mgeni. Anayetoa bila kutaka, basi, moyo wake umekunjwa, na aghalabu uso wake pia.

Nimeyazungukia haya yote ili nirudi kwenye shingo. Picha ya shingo upande iko wazi kwa yeyote aliyewahi kutumwa asikotaka. Kiwiliwili kinakwenda kilikoamrishwa, miguu inapiga hatua, mkono unashika kalamu. Shingo peke yake ndiyo imegeuka. Nahau hii haimhusu aliyekataa. Aliyekataa tunasema amekaza kamba au ametia ngumu, na Waingereza humfananisha na mnyama anayechimbia visigino ardhini asivutwe: “to dig in one’s heels”. Anayefanya jambo shingo upande amelifanya, na likiisha kufanyika lina matokeo yake. Lililokosekana ni ridhaa ya moyo.

Kwa hivyo nawapendekezea wafasiri, wakalimani na wanahabari maswali matatu kabla ya kuchagua nahau. Kwanza, je, kitendo kimefanyika au hakikufanyika? Miguu baridi na visigino vilivyochimbiwa humaanisha kwamba, kwa kawaida, hakikufanyika. Miguu inayoburutwa humaanisha bado. Shingo upande na kinyume cha nyuzi humaanisha kimefanyika. Pili, kinachomzuia mtu ni nini? Kinaweza kuwa woga, uchovu, hulka yake, au kinyongo. Tatu, nani yuko upande wa pili wa kamba? Wakati mwingine hakuna mtu, ni nafsi inayoshindana na nafsi. Wakati mwingine yupo mtu, tena mwenye nguvu. Hapo tunaanza kutoka katika eneo la kusita na kuingia katika eneo la kulazimishwa, na maneno yanayotufaa ni mengine: bila hiari, kwa shinikizo, kwa vitisho. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Walijua kwamba kati ya hiari na utumwa kuna nafasi pana, na watu wengi huishi humo.

Haya si mapambo ya darasani. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya 2010 kinazitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Jamhuri. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Kila siku, mahakamani, polisi, hospitalini na katika mabaraza ya ardhi, maneno ya Wakenya huingia kwa Kiswahili au lugha za mama yakaandikwa kwa Kiingereza. Anayesema hulijua neno lake. Mara nyingi hajui lililoandikwa kwa niaba yake. Haki ya kuwa na mkalimani haina uzito ikiwa mkalimani amekariri nahau kwa orodha.

Wakili yule aliniuliza aandike nini badala ya miguu baridi. Nikamwambia asianze na kamusi, aanze na mteja wake. Akampigia simu papo hapo, akaweka sauti ya nje.

“Mama, siku ile ulitia sahihi au hukutia?”

“Nilitia, mwanangu.”

“Kwa hiari yako?”

Kukawa kimya kidogo. “Shemeji zangu walikuwa watano. Mimi nilikuwa peke yangu, hata matanga hayajaisha. Ningefanyaje?”

Wakili alinitazama, nami nikamtazama. Kumbe hata neno la Kiingereza nililokuwa nimemwandalia, “reluctantly”, lilikuwa dogo mno kwa kisa hicho. Shingo upande ya mama ilibeba habari ambayo hakuna aliyemwuliza: waliokuwa chumbani, idadi yao na siku yenyewe. Tulikubaliana kwamba taarifa iandikwe upya, kwanza kwa Kiswahili, mama akieleza kwa maneno yake kilichotokea, halafu itafsiriwe bila nahau yoyote. Aseme alitia sahihi, aseme mbele ya nani, na aseme kwa nini hakuweza kukataa.

Siwezi kutabiri mahakama itaamua nini, wala si kazi yangu. Lakini sasa itaamua juu ya alichokisema yeye. Mwalimu wa lugha akiombwa nahau, wakati mwingine msaada bora anaoweza kutoa ni kuiondoa.